Dalia za Mama Mdogo

Mkwe wangu ameweka maua ya plastiki juu ya meza ya sebule. Jana niliyageuza yatazame ukuta, leo ameyarudisha. Ndugu yangu, mtu akizeeka hugombana hata na plastiki, lakini ugomvi wangu na maua ya mezani ni wa tangu utoto, hapa hapa Bunia, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaïre.

Mama yangu alipofariki, masista walileta maua mekundu ya dalia wakayapanga kando ya jeneza. Ndivyo mtaa wetu ulivyozoea: ua hukaa nje, na likiingia ndani limemfuata maiti. Ukipita mlango wa mtu ukayaona maua ndani, ulilia kwanza, jina uliuliza baadaye.

Kisha baba akaoa msichana wa Boga. Nilimwita mama mdogo kwa kuwa nililazimishwa. Alipanda dalia nyuma ya jiko, akazimwagilia maji aliyooshea mchele. Kila Jumamosi, umande ukiwa haujakauka, alikata chache kwa kisu, akazisimamisha mezani katika chombo cha kioo cha kijani alichotoka nacho kwao. Pazia la mlango alilishusha ili majirani wasione. Halafu aliketi na chai yake, akizitazama tu, uso umetulia. Uso ule niliuchukia.

Koko, mama mzazi wa baba, alihamia kulia chakula uani. "Huyu anatuchimbia kaburi juu ya meza," alisema, kwa sauti ya kusikika. Mimi sombe, majani ya muhogo aliyonipikia mama mdogo, niliwamwagia kuku.

"Kula, mwana wangu."

"Miye si mutoto yako."

Jumamosi moja mama mzazi wa mama mdogo alikuwa njiani kutoka Boga, kuja kuiona nyumba ya bintiye kwa mara ya kwanza. Mama mdogo alikata dalia zote nzuri, kisha akaenda kuteka maji. Nikakitoa kile chombo, nikakiweka juu ya kigoda mlangoni, na pazia nikalifunga juu. Nilitaka mama mdogo aaibike mbele ya mama yake, basi.

Jirani muuza samaki ndiye aliyepita kwanza. Beseni likamwanguka. "Yoo! Nani amekufa?"

Niliinamisha kichwa. Koko alitazama maua, akanitazama mimi, akaelewa. Badala ya kunichapa, alijifunika kitenge kichwani akaketi chini. Ikatosha. Wanawake waliingia wakipiga kelele, wanaume wakaleta kuni na mabenchi. Nilimsikia mzee mmoja akinong'ona, "Lakini siye tunalia nani?" Mwenzake akamjibu, "Lia kwanza, muzee. Jina itakuya."

Katikati ya kilio kile kamyo, lori la abiria la kutoka Boga, ikasimama. Mama yake mama mdogo alishuka na kikapu cha ndizi, akaona maua, akaanguka vumbini akimwita bintiye.

Na bintiye huyo akatokea njia ya kisimani, bidoni ya maji kichwani.

Watu wakampisha. Mmoja akacheka. Yule mama akainuka, akampapasa bintiye mashavu kama anayemkagua, kisha akamtazama koko, ambaye kitenge kilikuwa bado kichwani, akamwambia bintiye:

"Nyumba yenye ilikulilia ungali muzima, haiko yako tena. Chukua nguo."

Baba alirudi kutoka kazini akakuta mabenchi. Alimfuata mkewe Boga kumbembeleza, akarudi peke yake. Hakuniuliza nani alikitoa kile chombo, nami sikumwambia hadi nilipomzika. Kwenye jeneza lake hatukuweka ua hata moja. Mimi ndiye niliyekataza.

Koko alizing'oa dalia akazitupa jalalani, nazo zikachipua huko huko, nyekundu, mwaka baada ya mwaka, kama matusi. Sasa pale pana ukuta wa duka la simu.

Majirani wa siku hizi wanaingia kwangu, wanayaona maua ya plastiki, wanaketi na kuomba chai. Hakuna anayeuliza nani amekufa. Angeuliza mmoja tu, ningemtajia jina la mama mdogo.