Jumatatu Mpaka Jumatano

Tangu Bibi Magdalena aanze kupoteza kumbukumbu, mtu pekee aliyemkubali amlishe alikuwa binti yake Anitha. Wengine wote machoni pake walikuwa wachawi waliokuja kumtilia sumu. Agnesi, binti yake mkubwa aishiye Mikumi, alijaribu wiki moja tu, akaishia kumwagiwa uji kifuani na kurudi kwake analia. Ndiyo maana Anitha alihamia kwa mama yake Kilosa, pamoja na kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kampuni moja ya bima ya Dar es Salaam: kupitia madai ya magari yaliyogongwa, picha kwa picha, na kuandika nani alipwe na nani asilipwe. Kwa miaka mitatu aliifanyia chumbani, kompyuta juu ya meza ya cherehani, sola ikimshikia umeme ukikatika. Saa saba mchana anaiacha, anammegea mama ugali, anarudi. Hakuna aliyemaliza mafaili mengi kama yeye. Bosi wake, Gerald, alimsifu kwenye kikao cha mtandaoni watu wote wakisikia: "Mnamwona Anitha? Fanyeni kazi kama huyo." Naye maskini akaamini. Akapiga dari chumba kile, akajua amefika.

Mwaka jana ikaja barua pepe. Eti wafanyakazi wakikaa mbalimbali, moyo wa ushirikiano unakufa. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Jumatano kila mtu awe ofisini. Siku mbili zilizobaki ruksa nyumbani. Anitha akampigia Gerald.

"Bosi, mama yangu hakubali kulishwa na mtu mwingine. Kwani kazi yangu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, dada. Ila utaratibu ni wa wote. Na wewe una bahati, treni ya umeme inasimama hapohapo Kilosa."

Bahati! Kuna watu Mungu kawapa ulimi bila aibu.

Ikawa Jumatatu alfajiri anapanda treni, analala Dar mpaka Jumatano, na mama anamwacha mikononi mwa jirani, Mama Ashrafu, mjane mpole wa nyumba ya tatu. Wiki za mwanzo, siku hizo tatu Bibi hakugusa kitu zaidi ya maji. Jumatano jioni Anitha alimkuta midomo imekauka, akamlisha huku akimwomba radhi. Alitamani kuacha kazi, lakini dawa za mama zilitoka humohumo.

Na huko ofisini alifanya nini? Alivaa spika za masikioni, akafungua mafaili yaleyale. Hata kikao cha Jumatatu kilikuwa kwenye skrini, maana Gerald mwenyewe hakuja. Alionekana amejiegemeza sebuleni kwake, pazia la maua nyuma yake, anakunywa chai. Wakubwa, walielezwa, wanahitaji utulivu wa kufikiri. Anitha akafungua faili jingine. Kwa uchovu wa safari mafaili yake yakapungua, na Gerald akaandika kwenye tathmini kwamba wanaoishi mbali ndio wanaoirudisha kampuni nyuma.

Jumatano moja ya Machi alipofika nyumbani alisikia kicheko kutoka ndani. Kilikuwa cha mama yake, kicheko ambacho hakuwa amekisikia miezi mingi. Mama Ashrafu alikuwa mkekani anamega tonge, na Bibi anapokea kinywa wazi.

"Kala vizuri leo, dada. Na jana pia," Mama Ashrafu alisema, uso umemng'aa.

Hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiiomba kwa Mungu kila siku. Anitha alishukuru, akanawa mikono, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bibi aliutazama mkoba, akavitazama viatu vya ofisini, akasogea nyuma kidogo. Anitha akachovya tonge kwenye mchuzi, akalipeleka taratibu. Bibi akafumba mdomo na kuukamata mkono wa Mama Ashrafu.

"Anitha, mwanangu," akamnong'oneza jirani yule, "huyu mama anatafuta nini kwetu?"