Kiarabu cha Mama

Juzi, saluni kule Mbagala, binti mmoja alikuwa akirudia maneno ya Kiarabu kutoka kwenye simu. Anakwenda Omani kufanya kazi za ndani. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, uani kwa Bi Salma, jirani yetu mwenye asili ya Uarabuni, aliyekuwa akimfundisha mama.

Kahawa ilinukia tangawizi. Mama alitamka polepole, "Ana taabana."

"Nani ana taabu, mama?" nikauliza.

Walicheka. Sikujua kwamba kwa Kiarabu "ana" ni "mimi", na kwamba mama alikuwa anajifunza kusema amechoka. Kisha akajifunza kusema anaumwa, na kwamba anaomba kurudi kwao. Nilidhani ni mchezo, nikawa naimba naye huku napiga makofi.

"Hayo uyashike kwanza, mwanangu," Bi Salma alimwambia, na sasa hakuwa anacheka.

Mama alirudi kutoka kazi za ndani Uarabuni baada ya miaka, amekonda, mkono mmoja haunyooki. Bi Salma akaja kumpokea kwa Kiarabu. Mama akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Salma. Naomba unisemeshe Kiswahili."