Matofali Yasiyotaka Moto

Pantaleo alifyatua matofali tangu ujana wake, na nusu ya nyumba za mtaa wao pembezoni mwa Ifakara zilipita mikononi mwake. Ya kwake mwenyewe, ajabu, ilikuwa ya matofali mabichi. Mto Lumemo ulipofurika, kuta zililainika zikakaa chini. Mkewe Kandida akahamia Lupiro kwa kaka yake Maximilian, ambaye hakupindisha maneno.

"Shemeji, dada yangu siyo bata. Atarudi ukiwa na nyumba isiyoyeyuka."

Basi Pantaleo akaweka tumaini lake lote kwenye majivu. Watu wa mradi fulani waliwahi kuwafundisha: pumba za mpunga zinachomwa taratibu mpaka ziwe majivu, udongo wa mfinyanzi unachomwa na kutwangwa, vinachanganywa na chokaa, unapata saruji ya mtu asiye na kitu. Matofali ya saruji hiyo hayaingii tanuruni kabisa. Yanafunikwa magunia kivulini na kunyweshwa maji asubuhi na jioni mpaka yakomae. Mradi ukaondoka na gari lake. Pantaleo akabaki na magunia, na majirani wakamwita Baba Majivu, wakamuuliza matofali yake yataota lini. Alicheka nao, maana alikuwa na uhakika. Maskini, alikuwa na uhakika kweli.

Matofali ya nyumba nzima yalikuwa yanakaribia kukomaa dada yake Brigita alipofariki kule Mchombe. Akayalowesha vya kutosha, akaenda. Simu ikamzimikia siku ya mazishi, naye akakaa msibani mpaka matanga yakaisha.

Aliporudi aliona moshi tangu barabarani. Ulikuwa unatoka uani kwake.

Kandida alimpokea na masizi mpaka kwenye nyusi, akamshika mikono yote miwili.

"Pole na msiba, Baba Noela. Niliposikia nikasema huwezi kulia peke yako. Nimefika nakuta umeshaondoka, na mali yako inaoza kwenye magunia! Mvua hiyo inakuja. Tumeyaanika, tumeyapanga, tumeyachoma na kaka."

Kandida alikuwa binti wa mchoma matofali, na habari za majivu hazikuwa zimemfikia kule Lupiro. Bonde lote hili linajua kwamba tofali likilowa mawingu yakiwa juu ya milima ya Udzungwa, unaliwahisha motoni. Angefanya nini kingine?

"Mmechomea nini?" Pantaleo aliuliza.

"Pumba zako zile. Zote," Maximilian alijibu kwa furaha. "Safari hii nyumba ipo, shemeji."

"Asanteni sana," alisema Pantaleo. Aligeuza uso kuelekea kwenye moshi, nao wakadhani ni msiba.

Walipoingia kwenye kibanda cha jikoni, alizunguka nyuma ya tanuru, akabandua udongo kidogo, akavuta tofali moja kwa kipande cha gunia. Kwa macho lilikuwa zuri. Akalimwagia maji ya chupa aliyotoka nayo safari. Likatoa mvuke, likapasuka, likamwagika unga miguuni pake. Moto ulikuwa umefungua kila kitu ambacho maji yalifunga. Chokaa ilikuwa imekwisha, pumba zilikuwa zimekwisha, na juu ya milima kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Alichuchumaa pale akatamani angebaki Mchombe na marehemu.

"Baba Noela!" Kandida aliita kutoka jikoni. "Nimerudi na sufuria zangu zote, usidhani nimekuja kutembea. Tunafungua lini?"

Pantaleo aliusukuma ule unga chini ya majani kwa mguu. Akamimina maji yaliyobaki kwenye chupa, akakanda udongo haraka haraka, akaanza kuziba lile tundu, akilisawazisha kwa kiganja mpaka lisijulikane.

"Bado lina moto, Mama Noela," alisema. "Tuliache lipoe."

"Nina haraka gani?" alijibu Kandida, akicheka. "Nimeshafika nyumbani."