Marumaru za chumba cha kufulia

Leo nimekuta jumuiya nzima inasali kwenye chumba cha kufulia nguo.

Nimefika kwa mama, kijijini Mbuba, na sabuni mkononi. Kandambili zimepangwa mlangoni. Ndani, akina mama wameketi mkekani. Karo limefunikwa kitambaa cha kudarizi, juu yake mshumaa.

Chumba hicho nilimjengea mama ili aache kuinamia beseni, maana mgongo unamsumbua. Sakafu niliichagua kwa kuhangaika sana, nikaishia kwenye marumaru nyeupe zinazong'aa.

Sala ilipoisha, mama akaenda nyuma ya nyumba, akainamia beseni lake.

"Mama, si nilikuwekea chumba?"

"Mwanangu, sakafu ile niimwagie maji ya matope?"

Jirani akadakia, "Hata kanisani hatuna kama ile. Wiki ijayo tunarudi."

Tangu hapo situlii. Nizing'oe, niweke saruji ya kawaida? Nyie mngefanyaje?

Maana nilirudi ndani nifungulie bomba, maji yamwagike, mama aone kwamba ni chumba cha kufulia tu.

Nilipofika kwenye karo nikatazama chini. Viatu vyangu nilishaviacha mlangoni.