Wa Pili Wote

Prefe, mkuu wa shule yetu, alisema mbele ya darasa zima kwamba shule si materinite, si mahali pa kuzalia, na kwamba mama hana benchi pale. Nilikuwa mwaka wa sita, wa mwisho, na tumbo langu lilikuwa limeanza kusukuma kifungo cha sketi ya bluu. Nikaokota daftari zangu nikatoka. Baba ya mtoto alikuwa darasa hilohilo, benchi ya nyuma, na yeye hakuambiwa kitu. Baadaye alikwenda Beni kununua kahawa, na mpaka leo nafikiri bado anaichuma punje moja moja.

Naandika kwa hasira, siifichi. Lakini hasira ni kitu kizuri ukijua pa kuiweka. Mimi niliiweka kwenye vitabu.

Nilikuwa Kirumba, kwa mama yangu, wakati niliposikia kwamba mtu aliyefukuzwa shule anaweza bado kufanya mtihani wa Serikali, ule wa kupata diplome. Anajiandikisha kama otodidakti. Mara ya kwanza nilipolisikia neno hilo nilidhani ni ugonjwa wa mifupa. Kumbe maana yake ni mtu aliyejifundisha mwenyewe. Nikasema, basi huyo ni mimi. Miezi yote ile nilisoma jikoni, mtoto mgongoni, daftari juu ya gunia la mkaa, huku mama akiniuliza kama hesabu zinaivisha maharagi.

Mwishowe nikapewa karatasi ya kuingilia mtihani: jina langu, picha yangu, na kashe ya bluu, muhuri wa Serikali, iliyopigwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Siku ya kupigwa picha, mpiga picha aliniambia, «Mademoiselle, cheka kidogo.» Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu na yeye ananiita mademoiselle. Sikucheka. Picha ikatoka na uso wa mtu anayetaka kumpiga mwingine. Nilikuwa na picha hiyo tu, na bila karatasi hiyo hakuna mlango ambao ungefunguka.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Mtihani ulikuwa Butembo, mara moja kwa mwaka. Ukikosa unangoja mwaka mzima, na wakati ule nani alikuwa na hakika ya mwaka mzima?

Nikapanda kamyo ya mizigo alfajiri, siku moja kabla ya mtihani, mimi na mtoto wangu wa miezi minane. Tuliketi juu ya magunia, wanawake karibu ishirini, tumeshika kamba. Wengi walikuwa wanapeleka mboga kwenye soko la Musienene. Wageni wakisema Kongo ni joto na msitu, natamani niwapandishe siku moja juu ya kamyo ile, waishike kamba ile, wapande mpaka Alimbongo katika majira ya ukavu. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva aliweka kichwa nje ya dirisha ili aone barabara. Ng'ombe walisimama kwenye malisho wakitoa mvuke puani. Mikaratusi ilidondosha maji juu yetu ingawa hakukuwa na mvua. Nilikuwa nimevaa triko mbili za sufu, moja ya kaka yangu, na mtoto nilimtia ndani ya hiyo kubwa, kichwa chake kikatokea chini ya kidevu changu.

«Eh, mama kichwa mbili!» akasema mwanamke mmoja kando yangu. «Ile moja ya chini njo iko na akili?»

Mwanamke huyo alikuwa na kitambaa cha njano kichwani na kikapu cha puaro, vitunguu vya majani marefu, kati ya magoti. Nikamwambia ile ya chini inanyonya, ile ya juu inaenda kufanya mtihani. Alinitazama kidogo.

«Na mutoto?»

«Na mutoto.»

«Muzuri,» akasema, akavuta nusu ya kikwembe chake akatufunika.

Ukungu ulipofunguka niliona nchi yetu yote chini: ngano, viazi, kabichi, vilima vilivyolimwa mpaka kileleni kwa jembe la mkono, bila trekta, bila msaada wa mtu, katikati ya vita. Nilijisikia mkubwa. Mikono ya wanawake hawa ilikuwa inalisha askari wa pande zote, na bado ilibaki na puaro ya kuuza.

Bariyeri ya kwanza ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili. Askari aliyetoka kwenye kibanda hakuwa wa kwetu, Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Lingala.

«Bokita! Bote chini! Karatasi!»

Tukashuka. Akakusanya karatasi zetu, zote zimekunjwa ndani ya plastiki kwa sababu ya ukungu, akaingia nazo kibandani kwenye moto wake. Sisi tukabaki tunarukaruka. Alipotoka alisoma jina moja.

«Mimi!» tukajibu. Tulikuwa saba.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu Wanande jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu vilevile, katika kila nyumba. Yeye alikuwa amesoma jina la binti wa pili, na jina la pembeni hakulisoma.

«Nimeita mutu moja!»

«Njo siye, chef,» tukasema, yaani ndio sisi.

«Muko nanichekelea?»

Mama wa kitambaa cha njano akamjibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. «Hapana, chef. Siye bote ni ba pili.»

«Ba pili ya nani?»

«Ba pili ya mama zetu.»

Akatazama karatasi. Akatutazama. «Na ba kwanza beko wapi?»

Upande wa pili wa kamyo wanawake watano wakainua mikono. Hata dereva alicheka. Askari alikasirika, au labda alikuwa anasikia baridi tu, maana alikuwa na viatu vya plastiki bila soksi. Akatafuta karatasi zenye jina letu, akaziweka zote mkononi mwa yule mama. «Mujigawanyiye! Noki noki!»

Tukagawana haraka, mkono juu ya mkono, vidole vimekufa ganzi. Nikapata yangu, imekunjwa, ndani ya plastiki yake. Nikaiingiza ndani ya triko, kati ya moyo wangu na mgongo wa mtoto. Nikapanda.

Mbele kidogo dereva alisimama kutia maji kwenye mashine, akasema hapa ndipo ikweta inapopita. Meno yangu yaligongana. Nilicheka peke yangu, maana kwenye daftari langu la jiografia nilikuwa nimeandika na kupigia mstari: ikweta, hali ya hewa ya joto. Mwanamke mmoja akasema kama ikweta ndiyo imetuletea baridi hii, basi ihamishwe.

Musienene wanawake wakashuka na vikapu vyao. Mama wa njano akachukua kikwembe chake, akamgusa mtoto wangu shavu, akaniambia, «Andika muzuri.»

Bariyeri ya mwisho ilikuwa pa kuingilia Butembo. Askari wa pale alikuwa kijana mwenye furaha. Nikatoa plastiki yangu, nikaifungua kwa majivuno, nakubali, nilitaka aone kwamba mimi ni mtahiniwa. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.

«Mama, iyi inasema ulizaliwa mbele ya Uhuru.»

«Unasema nini?»

«Ulijichunga muzuri sana. Na huyu ni mujukuu?»

Nikamnyang'anya. Ilikuwa hati ya mtu aliyepoteza kitambulisho, yenye picha ya uso wa mviringo na kitambaa kichwani. Yule mama. Karatasi yangu ilikuwa Musienene, kwenye kifua cha mtu, katikati ya soko.

Watu wanaweza kumlaumu askari. Mimi sikuweza. Kwenye kamyo nzima mimi ndiye niliyekuwa na miaka kumi na mbili ya kusoma. Kazi yangu moja ilikuwa kusoma, na sikusoma.

Dereva alisema hawezi kugeuza. Basi nikageuka mimi.

Ni mwendo wa masaa matatu na zaidi, na manyunyu yalikuwa yameanza. Njiani nilipishana na wanaume wa chukudu, baisikeli zetu za mbao zisizo na pedali, wanateremka kuelekea mjini na magunia ya viazi, breki zinapiga kelele.

«Ma'! Butembo iko huku!»

«Najua!»

«Sasa unakimbilia nini huko?»

«Uso yangu!»

Walicheka mpaka kona. Wacheke. Nililia kidogo kwenye mlima mmoja, nikaacha, kwa sababu mtoto alikuwa analala na machozi yangu yalikuwa yanamwangukia kichwani. Nikafikiria mwaka mwingine wa gunia la mkaa. Nikafikiria prefe akisikia kwamba sikufika, akisema si niliwaambia. Miguu ikaenda yenyewe.

Soko la Musienene lilikuwa limejaa. Vitambaa vya njano vilikuwa kumi, ishirini, sijui. Nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu peke yake anaweza kulifanya: nikapanda juu ya gunia, nikaita jina.

Nusu ya soko ikageuka.

«Niko hapa!» «Ni mimi, unataka nini?» «Puaro ama karoti?»

«Eh, binti,» mzee mmoja muuza kamba akaniambia, «umeita parokia yote.»

Hapo hasira ilinipanda. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo: «Natafuta ule eko na uso yangu! Uso ya mutu mwenye kukasirika! Karatasi ya mtihani!»

Halafu wanawake wakaanza kupekuapekua vifuani, hata wale ambao hawakuwa kwenye kamyo, na karatasi zikainuliwa juu. Kutoka nyuma ya lundo la kabichi nikasikia sauti ninayoifahamu.

«Kumbe njo wewe! Mimi niliona hii picha nikasema, baridi ya Alimbongo imenirudishia ujana!»

Alikuwa amewaonyesha jirani zake wote. Wamecheka asubuhi nzima. Lakini plastiki ilikuwa imepasuka, maji ya puaro yameingia, na picha ilikuwa imebanduka, imelala peke yake kwenye kiganja chake. Mama yule aliniangalia, akaacha kucheka. Akamwita muuza chakula, akachukua kipande cha bugali cha moto, akakilainisha kwa kidole, akabandika picha pale pale, kashe ya bluu juu ya kashe ya bluu, mstari kwa mstari. Hajui kusoma, lakini kashe ile aliilinganisha vizuri kuliko ofisi yenyewe. Akaipuliza mpaka ikakauka. Nikamrudishia yake.

«Wasingya,» nikamwambia, ndiyo asante ya kwetu.

«Nyamaza. Kula.» Akanipa viazi viwili vya moto, nimshike mtoto huku napasha mikono. Halafu akaenda kusimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, mpaka kamyo ya maharagi ikasimama. Dereva alitaka kusema kitu. Badala yake akafungua mlango.

Nilifika Bulengera, kwa shangazi yangu, jua likiwa bado halijazama.

Asubuhi shangazi akabaki nje ya ua na mtoto, mimi nikapanga mstari. Msimamizi wa mlangoni alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mwenye tai. Aliita jina letu, tukatoka wanne. Aliwapitisha wale watatu. Karatasi yangu akaigusa kwa ukucha.

«Hii picha ilitoka.»

«Ilitoka, ikarudi.»

«Ilirudi na nini?»

«Na bugali.»

Mstari wote ulicheka. Yeye hakucheka. «Mademoiselle, watu wanafanyiana mitihani hapa. Nani anaweza kuniambia kwamba wewe ni wewe?»

Nilimtazama tu. Nilifikiria kifungo cha sketi ya bluu, na benchi ya nyuma ambako hakuna aliyefukuzwa, na masaa matatu ya manyunyu. Sijui uso wangu ulifanya nini. Najua kwamba aliinua karatasi akaiweka kando ya shavu langu, akatazama huku, akatazama kule, akarudi nyuma hatua moja.

«Ah,» akasema. «Njo yeye. Ingia, mama.»

Alisema mama. Neno lile lile lililonitoa shuleni.

Saa ya tatu ya mtihani maziwa yalianza kutoka, yakapita triko zote mbili, nikaegemea nyuma yasiguse karatasi. Nje nilimsikia mtoto wangu analia, kisha shangazi anamwimbia. Nikafika kwenye swali la jiografia: hali ya hewa kwenye ikweta ni ipi? Majibu matano. Lile la kwanza, joto. Lile la nne, baridi.

Vidole vyangu vilikuwa bado havijapona ile baridi. Nilikaa nikilitazama lile la nne, nikakumbuka mikaratusi, na ng'ombe, na askari bila soksi. Halafu nikaweka alama kwenye joto, kama kitabu kinavyotaka. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kuchukua diplome. Kuwasahihisha waliokiandika nilijua kungekuja baadaye.

Nilipata. Iko ukutani kwa mama, Kirumba, juu ya gunia la mkaa. Karatasi ya kuingilia iko chini yake, na bugali bado imeshika.