Mgombea wa Warina Asali

Alois Masolwa alikuwa mrina asali wa Sikonge, mfupi, mbishi, mwenye baiskeli moja na maneno mengi. Mwaka 1960, ulipotangazwa uchaguzi wa Bunge, alikaa siku mbili bila kuzungumza, jambo lililomtia wasiwasi mkewe Flavia. Siku ya tatu akasema atagombea, tena peke yake, bila chama. Chama kilikuwa na mtu wake tayari, mwalimu kijana wa Tabora mjini aitwaye Nassibu. Alois hakuwa na ugomvi naye. Alikuwa na ugomvi na Mto Kipela.

Kila masika Kipela ulifurika na kukata njia miezi mitatu. Ng'ambo yake kilikuwa kijiji cha Mwitula, alikoolewa dada yake Apolinaria, na mtu wa huko akiugua masika aliugulia huko huko. Apolinaria alikwisha kuzika watoto wawili namna hiyo. Alois alitaka daraja.

Mwingine angeanza na hotuba. Alois alianza na kuuliza. Ulikuwa msimu wa kurina, wanaume wameingia porini, kila kundi na kambi yake, na huko hawatoki mpaka mizinga yote iwe imefikiwa. Basi akafunga daftari nyuma ya baiskeli, akawafuata. Majuma sita alizunguka kambini, akila nao, akinuka moshi kama wao, akiandika kila walichotaka. Mzee mmoja alitaka serikali iwapige marufuku nyegere wanaovunja mizinga. Hilo nalo liliandikwa. Mwishowe akapanga. Daraja la Kipela kwanza. Halafu soko la asali na nta pale pale Sikonge, watu waache kusukuma baiskeli mpaka Tabora. Kisima, darasa la tano na mkunga vikafuata. Nyegere akawekwa chini kabisa, maana Alois alikuwa mbishi lakini si mwehu.

Akaenda boma la Tabora kuchukua fomu, amevaa koti la harusi yake. Karani akapekua daftari la wapiga kura, akapekua tena.

"Jina lako halimo, mzee."

"Halimo vipi?"

"Hukujiandikisha. Tulileta meza mpaka Sikonge. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa porini, akikusanya matakwa ya wapiga kura, ambao nao walikuwa porini. Karani, kwa wema tu, alitafuta majina ya wadhamini wake ishirini na watano. Aliwakuta wanne. Na asiyekuwa daftarini hakuweza kupiga kura wala kupigiwa. Hakuna aliyemhujumu. Afadhali angehujumiwa, angepata wa kumlaumu.

Barazani akakutana na Nassibu, aliyekuja kurudisha fomu zake.

"Shikamoo, mzee. Nasikia una orodha ya mahitaji ya Sikonge. Naomba uniazime."

"Marahaba," alijibu Alois, akapanda baiskeli na kuondoka na orodha yake.

Nyumbani Flavia alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba Dionis," akamwuliza, "ulitaka daraja au ulitaka ubunge?"

"Vyote viwili," alisema Alois, na kwa kuwa ilikuwa kweli aliona aibu. Juma lile lile alirudi Tabora akampa Nassibu ile orodha.

Nassibu alipita bila kupingwa. Alipokuja Sikonge kusalimia watu, warina asali walikuwa wamekwisha kurudi, wamejaa uwanjani. Akatoa orodha, akasoma: soko, kisima, darasa la tano, mkunga. Watu wakapiga makofi. Akakunja karatasi.

Alois akasimama. "Umeruka la kwanza, Mheshimiwa."

"La kwanza ni gumu, mzee wangu. Daraja si kitu kidogo."

"Ndiyo maana nikaliweka la kwanza."

Kule nyuma mtu mmoja akapaza sauti, "La kwanza!" Mara uwanja mzima ukaitikia. Nassibu akaikunjua karatasi tena, akalisoma daraja mbele ya watu wote, akaahidi. Siku ile Alois alirudi nyumbani na furaha ambayo ubunge usingempa, au ndivyo alivyomwambia Flavia.

Daraja lilichukua miaka kumi na miwili. Uhuru ulikuja, Azimio likatangazwa, barua zikaenda na kurudi. Hatimaye saruji ikaletwa na watu wakaambiwa wajitolee mawe. Alois alibeba mawe kila Jumamosi na goti lake bovu. Siku ya ufunguzi hakuna aliyemtaja, naye alikasirika, akasema wazi kwamba amekasirika, kisha akavuka kwenda kumwona dada yake. Masika yale, na yaliyofuata, hakuzikwa mtoto Mwitula kwa kukosa njia.

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Vijiji vya kando kando vilitakiwa vije barabarani, Mwitula kikiwamo. Mvua zilikuwa zimeanza na Kipela umejaa, lakini malori ya serikali yalipita juu ya daraja bila taabu, yakaenda matupu na kurudi yamejaa. Kwa siku tatu kijiji kizima kilivuka.

Alois alimngojea Apolinaria upande wa huku. Alimwona juu ya lori la mwisho, ameketi kati ya masufuria na kuku, mlango wa nyumba yake ameupakata. Akamshika mkono kumteremsha.

"Pole, dada."

Apolinaria akautazama mto, maji yakipita kwa kishindo chini ya nguzo. "Masika haya wasingetufikia, kaka," alisema. "Kama si daraja lako wangetuacha."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Alois zaidi. Akapokea ule mlango, akasimama nao mvuani akitafuta pa kuuegemeza, maana nyumba ya kuutia ilikuwa bado kujengwa.