Darubini Aliyesimamisha Cherehani Arobaini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Mkaguzi wa mnunuzi anafungua katoni ya kwanza, na mafundi arobaini wa kiwanda hiki cha nguo wanajifanya wanashona. Cherehani zinalia, ila macho yote yako mezani kwake.

Kando yake amesimama mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, miwani kwenye ncha ya pua, anajikuna kiganja. Kazi yake humu ni kukagua mishono. Wenzake humwita Darubini, maana huona uzi uliolegea hata kabla haujatoka dukani.

Mashati haya elfu moja na mia mbili yakipita, kiwanda kinapata kazi ya mwaka mzima. Yakikataliwa, nusu ya mafundi wanarudi nyumbani kuhesabu boriti za dari. Na yamechelewa siku nne kwa sababu ya Darubini.

“Kola zilikuwa zimekunja uso kama mama mkwe aliyekaribishwa kwa maji matupu,” anasimulia.

Wiki nzima fundi wa kola alimlaumu mkataji, mkataji akamlaumu fundi wa kola. Darubini akachukua rula ya chuma, akapima. Kola ilizidi shingo ya shati kwa sentimita moja. Akauliza nani alipima kigezo cha kola, ile karatasi ya kukatia. Kila mtu akakumbuka kwamba ana kiu.

Aliyepima ni bosi mwenyewe. Alitumia tepu yake ya kitambaa, anayoivaa shingoni tangu alipoanza na cherehani moja chini ya ngazi, miaka ishirini iliyopita. Tepu ilikuwa imevutwa hadi ikarefuka, na hakuna aliyethubutu kuipima tepu ya bosi.

Ukutani palikuwa na kanuni yenye sahihi ya bosi: anayeona kosa atundike kitambaa chekundu, mashine zote zisimame. Kanuni ilikuwa na miezi mitatu. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa mara moja tu, siku panya alipokatiza.

“Jioni ile mume wangu aliniambia, ‘Mke wangu, kitinda mimba bado ana ada ya miaka miwili. Jifanye kipofu kidogo.’ Nikamjibu, ‘Baba watoto, upofu wangu wote niliutumia siku ya kukuchagua.’”

Kesho yake akatundika. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Bosi akatoka ofisini mbio.

“Nani amekufa?”

“Tepu yako, mama.”

Darubini akailaza kando ya rula ya chuma. Bosi akatazama, akainama, akatazama tena. Mafundi nao walinuna: wao hulipwa kwa kipande, na mashine iliyosimama haimlishi mtu.

“Sasa tutakula kitambaa chekundu?” akauliza fundi wa kola.

“Mtalipwa kama mnashona,” bosi akasema. “Kosa ni langu, na sahihi ile pale ukutani ni yangu. Nipeni kifumulio.”

Akakaa kwenye benchi, kati ya fundi wa kola na mkataji, akafumua nao siku zote nne. Tangu hapo, Darubini anasema, vitambaa vyekundu vinatundikwa bila kuangalia mlango wa ofisi.

“Ila bosi hajui kufumua,” anaongeza kwa sauti ya chini. “Kola saba nilimrudishia.”

Mezani, mkaguzi wa mnunuzi amefika shati la themanini, la mwisho katika sampuli yake. Anapima kola, analigeuza ndani nje. Anakuta uzi mmoja unaning’inia. Darubini anafumba macho. Mkaguzi anaukata kwa mkasi wake, anachukua kalamu, anasaini.

Mkataji anagonga meza kwa kiganja, wengine wanapokea, na muda si muda kiwanda kizima kinapiga ngoma isiyo na ngozi. Bosi anamkumbatia Darubini hadi miwani inapinda.

“Dada yangu, umenipandisha presha.”

“Ndiyo kazi uliyoniajiria, mama.”

Kuanzia wiki ijayo Darubini atafundisha wakaguzi sita wapya. Lakini mpango wake mwenyewe ni mkubwa zaidi: kila fundi aukague mshono wake kabla haujafika kwa mwingine.

“Nataka siku moja nikae pale mezani toka asubuhi hadi jioni nikose pa kutia kidole,” anasema, akinyoosha miwani yake. “Nisinzie kazini, bosi apite kwa kunyata asiniamshe. Na mwisho wa mwezi anilipe.”